Mfadhili, na Kiondo Kilichorudi Kitupu

Jumamosi, wiki ya pili ya Julai. Embu.

Baridi ya leo ni ile ya kuvaa sweta mbili na bado ukavuta vidole ndani ya mikono yake. Ukungu umeshuka tangu asubuhi, hata mlingoti wa bendera siuoni kutoka dirishani. Nimo katika chumba cha kompyuta. Klabu yetu ya Kiswahili hupewa nafasi kila Jumamosi alasiri tuandike kwenye blogu hii, na kwa kawaida mimi huandika kuhusu vitabu nilivyosoma. Leo siwezi.

Leo nina karatasi.

Iko hapa kando ya kibodi, imekunjwa mara nne. Ni hotuba. Kesho baada ya ibada kutakuwa na sherehe ya kuwashukuru wafadhili hapa shuleni, na mimi ndiye niliyechaguliwa kuzungumza kwa niaba ya wasichana saba tunaolipiwa karo na Mzee Ntongai. Hotuba sikuiandika mimi. Iliandikwa na Bwana Mutwiri, karani wa Mzee, ikapigwa chapa vizuri, bila kosa hata moja la tahajia. Sentensi yake ya tatu inasema: "Baba yangu hajiwezi, mama yangu hana kitu, na kabla ya mfadhili wetu sikuwa na mtu duniani."

Nimejaribu kuisoma kwa sauti bwenini. Kila nikifika hapo naikunja tena.

Kwetu ni karibu na Muthara. Baba yangu alikuwa mchumaji wa miraa mpaka alipoanguka kutoka juu ya mti nikiwa darasa la saba. Nyonga haikupona sawasawa. Sasa hutembea kwa magongo mawili, na siku nyingi hukaa kwenye kigoda nje ya nyumba akipandikiza miche ya parachichi. Ana kisu kidogo chenye makali, na vipande vya nailoni vya kufungia. Watu hutoka mbali kuja kununua miche yake kwa sababu inashika. Huyo ndiye "hajiwezi" wa sentensi ya tatu.

Mama hulima maharagwe na kuyauza Gakoromone, mjini Meru. Huko ndiko alikokutana na Mzee Ntongai, ambaye ana duka la nafaka karibu na soko. Mwaka nilioitwa kidato cha kwanza, Mzee aliyaona maharagwe ya mama akamuuliza, "Mama, haya si ni ya mbegu? Mvua ikija utapanda nini?" Mama akamwambia kuna msichana ameitwa shule Embu. Mzee akayapima, kisha akamrudishia gunia zima na kumwambia, "Panda. Huyo msichana aende shule."

Hivyo ndivyo nilivyopata mfadhili. Sitasahau, na sitaki mtu yeyote anayesoma hapa afikiri nimesahau.

Siku alipokuja kwetu mara ya kwanza, alileta kiondo chenye sukari, unga na madaftari sita. Vitu vikatolewa, kiondo kikabaki. Sasa, kwetu, kiondo kilicholetwa na kitu ndani hakirudishwi bila kitu. Hata kama ni mayai mawili, unaweka. Sikumbuki mtu yeyote akinifundisha jambo hili, kama vile sikumbuki nilivyofundishwa kunawa mikono. Shule zilipofunguliwa, mama akakipeleka kwa Mzee kikiwa na ndizi, nduma, na mayai aliyoyafunga kwa maganda makavu ya mgomba. Mzee akacheka, akavitoa vilivyomo, akatia sukari, akakirudisha. Tangu hapo kiondo hicho kimekuwa msafiri kati ya Muthara na Gakoromone. Baba husema kinaijua barabara kuliko mimi.

Bwana Mutwiri aliajiriwa Januari. Ni kijana wa tai na faili, na sitasema ni mtu mbaya. Ndiye anayehakikisha karo zetu zinafika kabla hatujaitwa ofisini. Lakini alikiona kiondo.

Mwezi uliopita, siku ya kutembelewa, aliniita pembeni karibu na tangi la maji.

"Kathure, kwani nyinyi mna shamba kubwa?"

"Hapana. Nusu ekari."

"Na ndizi zote hizi zinatoka wapi? Kila muhula mama yako analeta mzigo ofisini. Watu wakiona, wataniuliza, nyumba inayogawa chakula inasaidiwa nini?"

Nikamweleza kuwa ni kiondo tu, kinarudishwa.

"Basi kirudishwe kitupu! Sikiliza. Kuna wasichana wanne wanangoja nafasi, na faili yako ndiyo nyepesi kuliko zote. Mimi ninakusaidia hapa." Akanipa karatasi. "Soma hivi ilivyo, usiongeze, usipunguze. Na ukifika hapo katikati, usione haya kulia kidogo."

Sasa naandika jambo ambalo nimelificha wiki tatu.

Jioni hiyo hiyo niliazima simu ya metroni nikampigia mama. Tulizungumza Kimeru, na nikiyaweka hapa kwa Kiswahili yanapungua makali, lakini yalikuwa hivi. Nilimwambia asiweke kitu tena kwenye kiondo. Akauliza kwa nini. Nikasema tutaonekana tuna vingi. Nikawasikia kuku wakigombana nyuma yake.

"Kwa hiyo nikirudishe kikipiga miayo?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Mama akafanya nilivyosema. Baba ndiye aliyeniambia baadaye. Mama alikikunja kiondo akakiweka chini ya leso, akapita njia ya nyuma ya soko ili wenzake wanaouza maharagwe wasimwone, akamwachia kijana wa dukani bila kumsalimu Mzee, kisha akarudi nyumbani mapema na kwenda shambani kulima hata pale ambapo palikuwa pameshalimwa.

Nilimwagiza mama yangu aone aibu.

Hilo ndilo lililonikaa moyoni mpaka Jumanne, siku ambayo Madam Marigu alikuwa akitufundisha asili ya maneno. Madam ndiye mwalimu wetu wa Kiswahili. Ni mtu wa huku Mbeere, na hujisifu kwamba alikisoma Kiswahili kwa jasho, si kwa maziwa ya mama, kwa hiyo hatusamehe uvivu. Alisema kila mmoja afikirie neno analolitumia bila kulijua. Nikainua mkono.

"Mfadhili, Madam."

Wawira, ambaye tunakaa dawati moja, akanipiga kiwiko. "Huyu ameanza kutafuta makofi ya Jumapili mapema." Darasa likacheka, na Madam akaliacha licheke, kisha akaandika ubaoni, katikati kabisa: fadhila.

Akasema neno hilo tulilipata kutoka Kiarabu, na kwamba huko shina lake lilibeba wazo la kitu kilichozidi, kilichobaki baada ya kipimo kutimia. "Nyinyi watoto wa soko mtalielewa upesi," akasema. "Mtu anakupimia maharagwe kwa debe. Debe limejaa, biashara imekwisha. Halafu anachota mkono mmoja anakuongezea juu. Huo mkono wa juu." Hakuna aliyemlazimisha. Kutoka hapo likaja wazo la wema, hisani, jambo zuri ambalo mtu hakudaiwa. Kiswahili kikalichukua, kikapata kitenzi kufadhili, kikaweka m mbele, tukapata mtu: mfadhili.

Kisha akaandika maneno mengine mawili pembeni akayachorea mistari. Afadhali. Tafadhali.

"Ni ndugu wa tumbo moja," akasema.

Afadhali niliweza kuiona mwenyewe: kilichozidi kwa uzuri. Tafadhali ndiyo iliyonishangaza. Madam alieleza kwamba katika Kiarabu neno hilo husemwa hasa na mwenye nyumba kumwambia mgeni. Karibu, pita, keti, chukua. Ni neno la anayetoa. Lilipofika kwetu likahamia kwa anayeomba. Kengele ikalia na wenzangu wakakimbilia uji, nami nikabaki nikiutazama ubao mpaka mwenye zamu akaniambia nitoke afute.

Nimelifikiria debe hilo wiki nzima.

Kama mfadhili ni yule anayeongeza mkono wa juu, basi kuna mtu alilijaza debe kabla yake. Mimi sikufika kidato cha tatu nikiwa mtupu. Mama alinibeba mgongoni akipalilia. Baba alinifundisha kuhesabu kwa miche. Mzee Ntongai alikuja akaongeza, na najua vizuri kwamba mkono wake ni mkubwa kuliko debe letu. Ndizi si karo, na ofisi ya shule haipokei nduma. Lakini hotuba ya Bwana Mutwiri haimsifu Mzee. Inalimwaga debe kwanza ili mkono uonekane mkubwa.

Na mama je? Hakuna aliyemdai mayai. Aliyaweka mwenyewe. Sijui kama neno lile lingekataa kumwita na yeye mfadhili. Nilitaka kumuuliza Madam, nikaona haya.

Nilimwambia Wawira kwamba nafikiria kuandika hotuba yangu mwenyewe. Tulikuwa tunafua soksi.

"Wewe umerogwa? Soma karatasi! Ni dakika tano. Halafu una mwaka mmoja na nusu wa kusema ukweli mpaka uchoke."

"Na mama yangu atakuwa amekaa pale akisikiliza?"

"Mama yako kwani anajua Kiswahili cha hotuba?"

"'Hana kitu' si Kiswahili cha hotuba, Wawira."

Akasuuza soksi yake mara tatu. Najua ana hofu kwa ajili yangu. Mwaka jana msichana wa kitanda cha juu yake alienda nyumbani kuchukua karo na mpaka leo godoro lake limekunjwa.

Alhamisi nilimpelekea Madam Marigu karatasi mbili, ya Bwana Mutwiri na yangu. Alizisoma akiwa amesimama mlangoni pa chumba cha walimu, chaki sikioni.

"Yako ina makosa mawili ya upatanisho," akasema. "Hii nyingine haina hata moja."

"Kwa hiyo yake ni bora, Madam?"

"Nimesema haina makosa. Sijasema ni bora." Akazirudisha zote mbili. "Siwezi kukuambia usome ipi. Mimi siye ninayekulipia karo, na ukifukuzwa si mimi nitakayebeba sanduku. Lakini zungumza na Mzee mwenyewe kwanza. Mtu mzima hashtukizwi mbele za watu."

Kwa hiyo jana, baada ya chakula cha mchana, niliazima tena simu ya metroni. Nilikuwa nimeandika kwenye kiganja mambo matatu ya kusema. Mzee alipopokea nilisikia magunia yakiburutwa na mtu akipaza sauti kuhusu mizani.

"Nani?"

"Ni Kathure, Mzee. Wa Muthara."

"Ah, wa kile kiondo! Mwari, mama ni mgonjwa?"

"Hapana, Mzee. Ni mzima."

"Sasa mimi nimewakosea nini? Kiondo imekuja kavu. Nimeiweka hapa kwa meza naiangalia siku nyingi. Hata bibi yangu ameniuliza, wewe uliwaambia nini hao watu?"

Kiganja changu kilikuwa na mambo matatu na sikuyatumia hata moja. Nikamwambia yote: tangi la maji, faili nyepesi, simu niliyompigia mama, sentensi ya tatu. Nilimsomea hiyo sentensi. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

Nikasikia akimwambia mtu aache mizani kwanza.

"Mutwiri amefanya hivyo akitaka kusaidia," akasema. "Sikia, mwari. Hao watu wa Jumapili nimewaita mimi. Ni watu wako na uwezo. Mimi nimezeeka, na nyinyi saba tu mmenipeleka mbio. Wale wanne siwezi peke yangu. Mutwiri ananiambia watu wakilia ndio wanatoa. Mimi hiyo maneno ya kulia siipendi. Lakini njia ingine sijui."

"Na nikisema ukweli, Mzee, halafu wasitoe?"

"Basi watakuwa hawajatoa."

"Na nafasi yangu?"

Gunia likaangushwa mahali, puu.

"Hiyo siwezi kukudanganya. Mwaka huu biashara imelala. Mutwiri ndiye anajua hesabu, nitakaa na yeye. Wewe umesoma kunishinda, sema vile utasema. Lakini usiseme polepole, hii sikio ya kushoto imekufa."

Nilitarajia aniambie soma yako, au aniambie soma ya Mutwiri. Ningeshukuru kwa lolote kati ya hayo. Badala yake aliniachia mimi, na usiku huo nilimkasirikia kidogo. Naandika hivyo kwa sababu niliahidi nitakuwa mkweli humu. Ni vigumu kumkasirikia mtu aliyekurudishia gunia la mbegu, lakini nilimkasirikia.

Maana hesabu ni hii. Nikisoma karatasi iliyokunjwa, wageni watalia, watatoa, wasichana wanne watapata shule, na mimi nitabaki. Nikisema kweli, huenda wageni wakapiga makofi ya adabu na kwenda zao. Wasichana hao siwajui kwa sura. Mmoja nimeambiwa anatoka karibu na kwetu na alipata alama nzuri kuliko nilizopata mimi. Je, nina haki ya kuuza nafasi yake kwa sababu ya heshima ya nyumba yetu?

Swali hilo nimelala nalo, nikaamka nalo, nikaenda nalo kufagia ukumbi.

Nilipokuwa nikipanga viti ndipo nilipouona upande wake mwingine. Msichana huyo naye ana mama. Nikisoma karatasi ile kesho na ikafaulu, mwaka ujao ataandikiwa yake. Ataambiwa amwambie mama yake asilete kitu. Na mwingine baada yake. Hotuba hiyo haitaisha kwangu. Itarithiwa kama sare iliyotumika, na kila atakayeivaa atajifunza kwamba ili upewe, lazima kwanza uwakane waliokupa mwanzo.

Sitaisoma.

Nimeamua, na sasa kwa kuwa nimeliandika hapa sina pa kurudi.

Nitasema hivi. Nitasema baba yangu anapandikiza miche na inashika. Nitasema mama yangu alikuwa tayari kuuza mbegu za msimu, na Mzee Ntongai alizikataa, na kwamba hiyo ndiyo maana ya neno mfadhili ninayoijua mimi, kabla ya kamusi. Nitawaambia kwamba wako wasichana wanne ambao madebe yao yamejazwa na wazazi wao mpaka pale wazazi walipoweza, na kinachokosekana ni mkono wa juu. Kisha nitasema tafadhali. Nitalisema kwa ile maana yake ya zamani, bila kupiga magoti, kama mwenye nyumba anavyomwambia mgeni apite ndani, kuna nafasi.

Kama hawatatoa, hawatatoa. Mimi sitakuwa nimenyamaza.

Na kama jina langu litakatwa, Jumatatu asubuhi nitakuwa mlangoni pa mwalimu mkuu kuulizia fomu za basari. Ikishindikana, kuna shule ya kutwa upande wa pili wa Muthara. Nitatembea. Mtihani wa kidato cha nne haumuulizi mtu alikolala. Nimekwisha kuandika nyuma ya daftari la Hisabati vitabu ambavyo Wawira atanikopesha wakati wa likizo, na amekubali, ingawa amesema mimi ni punda.

Asubuhi ya leo nilimpigia mama tena. Metroni ameanza kunitazama kama mtu anayefungua benki kwenye simu yake. Nilimwambia mama nilikosea, kwamba Mzee alidhani ni ugonjwa au ugomvi, na kwamba akija kesho alete chochote anachotaka.

"Umechelewa," mama akasema. "Nimechimba nduma jana."

"Lakini nilikuwa nimekukataza!"

"Ulinikataza mara moja, nikakusikia mara moja. Mtu atakuja mbele za watu na mimi nimwendee na mikono inaning'inia? Baba yako anakuja pia. Amechagua shati tangu Jumatano."

Baba hajawahi kufika Embu. Safari yote hiyo na magongo, kuja kusikiliza sentensi ya tatu. Namshukuru Mungu kwamba sentensi hiyo haitakuwepo.

Chumba kinataka kufungwa. Wawira anasimama mlangoni akinionyesha mdomo kwamba mkate wa chai unaisha. Ukungu bado haujaondoka.

Bwana Mutwiri atafika mapema kupanga meza. Nitamwendea kabla ya ibada nimpe karatasi yake mkononi, na nimwambie kwa heshima kwamba sitaisoma, ili asije akasema nilimvizia. Atakasirika. Pengine ataniambia maneno ambayo nitayakumbuka muda mrefu. Kisha nitaketi na wenzangu sita, nitangoja jina langu liitwe, na nitatembea mpaka mbele.  Nitasema kwa sauti ya kufika kwenye sikio la kushoto la Mzee.